Mwenye Nyumba Aliyepima Baruti

Kwa miezi mitatu nililala juu ya baruti bila kujua. Mimi nilikaa orofa ya kwanza, mwenye nyumba alikaa chini yangu, na chini yake kulikuwa na kile chumba cha chini ya ardhi ambacho Brussels kila mtu hukiita kave. Mtaa wetu ulikuwa Forest, nyumba ndefu nyembamba zilizobanana kama watu kwenye picha ya harusi, na nusu ya majirani walikuwa wakifanya zamu kwenye kiwanda cha magari. Mimi nilikuwa nikisafisha wadi hospitalini, upande wa pili kabisa wa mji.

Kilichonifichulia siri ya mwenye nyumba ni mashine ya kufulia. Ilikuwa moja tu nyumba nzima, huko huko kave, na kila mtu alikuwa na siku yake. Jumapili moja nilikuwa nikitoa mitandio yangu, kitu kikadondoka sakafuni kikalia. Nikainama. Lilikuwa ganda la risasi, safi, linang'aa kama limetoka kwa sonara.

Naomba nieleweke. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Maganda ya namna ile nimewahi kuyafagia uani kwetu asubuhi, kwa ufagio ule ule wa kufagilia majani, mama amesimama nyuma yangu akinihimiza nimalize kabla wadogo zangu hawajaamka. Nilipanda ndege kuyakimbia, na sasa yalikuwa yamenifuata mpaka ndani ya mitandio.

Nikapanda ngazi, nikagonga mlango wa mwenye nyumba kama mtu aliyekuja kudai. Akafungua, mzee mrefu, mkavu, sweta limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alipoona nilichoshika, uso wake ukachangamka.

"Ah, merci, mama! Nilikuwa natafuta hii. Nilikuwa na cinquante, nikapata paka quarante-neuf."

Maganda hamsini, na alikuwa amepata arobaini na tisa tu. Ndivyo alivyokuwa. Mwanamke amesimama mlangoni kwake na hofu na hasira, yeye anafurahi hesabu imetimia.

Nilimwambia nahama. Nilimwambia sikuja Ulaya kulala na muuaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ile "haya" yake ya Kifaransa, "Bon. Uhame, mama ya juu. Lakini kwanza uje uone. Muntu asikimbie kintu yenye hajaona."

Akanishusha kave, akafungua mlango mdogo nyuma ya mashine ya kufulia. Ndani kulikuwa na meza nzito, mashine ya chuma yenye mkono mrefu kama wa pampu ya maji, mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo, na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ukutani kibali cha polisi, na kando yake karatasi za shabaha, duara ndani ya duara, zimetobolewa katikati matundu safi ya mviringo. Akazigusa moja moja. "Njo hawa batu nilishaua," akasema. "Karatasi. Paka karatasi."

Kila Jumamosi alikwenda klabu ya shabaha kushindana na wazee wenzake, na risasi hakununua dukani. Alijitengenezea. Maganda aliyokwisha kuyapiga aliyaokota, akayafua kwenye ile mashine ya nguo ndani ya soksi ya marehemu mkewe (soksi ndiyo iliyochanika siku ile), akayakausha kwenye oveni, akayarudishia fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue namna hiyo na duka liko wazi.

"Kila bastola iko na tumbo yake," akasema. "Duka inapikia batu yote chakula moja."

Sikuhama. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nadhani ni ile soksi.

Kiswahili chake kilinichekesha miaka yote: "ndio" kwake ilikuwa njo, "tu" ikawa paka, "kwa sababu ya" ikawa ju ya. Alikitoa Kivu, Kongo, alikoishi ujanani akipima kahawa ya wakulima kwa niaba ya kampuni moja ambayo jina lake alikataa kulitaja. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha watu, maana ndicho walichofundishwa Wazungu wa enzi ile, lakini yeye alikuwa amekilainisha kwa uzee akakichanganya na Kifaransa, kikawa kama kiatu cha askari kilichogeuzwa ndara. Nikimsahihisha alishukuru, kisha akarudia kosa lile lile. Nami nikaacha, maana mbona Kifaransa changu yeye hakukisahihisha?

Kuhusu Kivu hakusema mengi. Siku moja tu, tukiwa tunakunywa chai, nilimtania kwamba mtu anayepima baruti punje kwa punje lazima wakulima walimpenda. Akakiweka kikombe chini.

"Mizani ya kule ilikuwa ya kampuni," akasema. "Ilikuwa inasema uongo kidogo, kila siku. Mi nilikuwa najua, na nilikuwa naandika." Akaonyesha sakafu kwa kidole. "Hii ya kave njo ya mimi."

Nikamwongezea chai. Yapo maneno ambayo ukimjibu mtu unamharibia. Lakini tangu siku hiyo nilipomwona ameiinamia ile mizani, amezuia pumzi ili asiitikise, sikuthubutu tena kumcheka.

Kazi yake ilikuwa na sheria kama sala. Kwanza, aproni ya bluu ya marehemu mkewe. Ikining'inia kwenye kitasa cha kave, maana yake anamimina baruti, na hakuna kumwita hata nyumba ikiungua. Redio imezimwa, waya wa simu umechomolewa ukutani. Anapanga maganda hamsini kwenye kibao cha mbao chenye matundu hamsini, anamimina baruti kwa kijiko kidogo cha shaba, kila la kumi analipima. Akikatizwa katikati, hata kwa kikohozi cha mtu ngazini, anarudisha baruti yote chupani na kuanza upya.

Mimi nilimkatiza mara moja. Bomba la jikoni kwangu lilikuwa limepasuka, maji yanafuata ngazi, nami nikaona aproni ni nguo tu. Nikamwita. Nilisikia maganda yakigongwa kwenye mdomo wa chupa ya baruti, moja baada ya jingine, taratibu, yote. Ndipo akapanda na spana, maji yamefika mlangoni kwake.

"Maji inaweza kungoja, mama ya juu," akaniambia, soksi zimelowa. "Baruti hapana."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Baadaye akanieleza, na nikamwelewa. Risasi za mashindano yake zilikuwa za nguvu ndogo. Baruti haikufika hata nusu ya ganda, kwa hiyo ukijisahau ukamimina mara mbili haimwagiki, haisemi kitu. Unaifunga na kichwa juu, inafanana na wenzake, mpaka siku ya kupiga. Siku hiyo bastola inaweza kupasuka mkononi, na aliyesimama pembeni yako ana macho pia ya kupoteza.

Hilo lilikuwa limeshatokea klabuni kwao. Alikuwa na rafiki, fundi wa saa, wameshindana pamoja miaka na miaka. Fundi huyo alijaza ganda moja mara mbili, bastola ikampasukia, na vidole viwili havikukunjika tena. Kidonda kilipopona alitaka kurudi mezani. Mwenye nyumba ndiye aliyesimama mbele ya klabu nzima akasema hapana. Fundi asitengeneze tena risasi, wala asipige.

"Muntu akijaza mara mbili, anaacha," aliniambia. "Hakuna pole, hakuna urafiki. Anaacha."

"Na yeye alisemaje?"

"Hakusema. Hanisalimie tena."

Basi mwenye nyumba huyo ndiye mtu aliyekuwa hawezi kuua panya. Kave ilikuwa na panya watatu anaowajua kwa sura, nami nilipoleta mtego aliuficha, akadai umeibiwa. Buibui akiingia bafuni kwake alinigongea bomba la maji lililopanda mpaka kwangu nikamtoe. Misa alikwenda kila Jumapili na kutoka kabla ya baraka, na sababu hakunipa. Pilau yangu aliila yote, ila iliki alizitoa moja moja akazipanga ukingoni mwa sahani, na mwisho aliniambia zilikuwa ngapi, kana kwamba nilimwagiza.

Ramadhani ndiyo iliyonifanya nimpende, niseme wazi. Miaka ile ilikuwa inaangukia baridi kali, jua halionekani tangu asubuhi, na mimi peke yangu jikoni na tende zangu. Yeye alitafuta kwenye almanaka saa ya machweo ya kila siku, akaweka saa yake sawa na redio, na dakika ilipofika aligonga bomba kwa kijiko mara tatu. Siku moja nilikuwa nimeshatia tende mdomoni. Akasikia kiti changu.

"Bado dakika mbili, mama ya juu!" akapaza sauti kutoka chini.

Nikaitema. Mkatoliki ananifungisha mimi saumu! Nilipompigia mama simu Bujumbura nikamsimulia, alicheka mpaka akalia, akasema nimwambie mzee huyo anamsalimu.

Macho yake yalianza kumwacha majira ya baridi ya tatu. Hakusema, lakini nyumba ndogo haina siri. Alimimina chai mpaka kwenye kisosi. Barua za manispaa alizipandisha kwangu, "mi sina muwani hapa," na miwani iko puani. Jumamosi alirudi klabu na karatasi zake zimekunjwa, hakuzibandika ukutani.

Halafu siku moja, aproni ikiwa kwenye kitasa, mlango wa kave ukafunguka na akaniita. Yeye mwenyewe, katikati ya kazi. Nilishuka mbio nikidhani ameanguka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kibao cha maganda hamsini mbele yake, yote yameshatiwa baruti, wazi.

"Mama," akasema, "uniazime macho."

Nilikuwa na kurunzi ndogo ya hospitali kwenye koti langu la kazi. Akanifundisha. Unaanza kushoto, unashuka mstari kwa mstari, unamulika ndani ya kila ganda, unatazama baruti imefika wapi. Hupimi. Unafananisha tu. Lililo tofauti na jirani zake utaliona.

Nilitazama yote hamsini. Nilipofika mwisho nikasema, "Zote sawa, Papa," maana hivyo ndivyo nilivyomwita, kama baba, naye akashusha pumzi kama mtu aliyeteremsha mzigo. Niliporudi juu nilikaa kitandani nikajishangaa. Miaka yote ile nilikuwa nikitazama maganda matupu, baada ya mambo kutokea. Sasa ndio kwanza nimeyatazama kabla, na kama kuna baya ndani ni mimi wa kulizuia. Sijui kama kuna mtu atanielewa, lakini usiku huo nililala vizuri.

Ikawa desturi yetu. Kila Alhamisi jioni nikitoka kazini nilishuka kumulika. Tuliongea baada ya kazi, si kabla. Alinieleza kwamba Jumamosi ndiyo siku yake ya pekee ya kuwa na watu, kwamba tangu mkewe afe wiki nzima ilikuwa ngazi ya kupandia Jumamosi. Alisema hivyo kwa kupita tu, akipangusa meza. Mimi nililibeba neno hilo nikaenda nalo juu, na ndilo lililokuja kunitia makosani.

Ilikuwa Alhamisi ya mvua. Nilimulika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye mstari wa nne kulikuwa na ganda moja ambalo baruti yake ilikuwa juu. Nilirudi kulitazama. Ilikuwa juu, karibu mara mbili ya jirani zake. Hata mtoto angeona.

Nikainua kichwa. Mwenye nyumba alikuwa kwenye kigoda, anapangusa miwani kwa ncha ya sweta, ananisubiri. Alionekana mdogo. Nikaikumbuka sheria yake, muntu akijaza mara mbili anaacha. Nikawaza, nikisema neno hili Jumamosi inakufa, na yeye nyuma yake.

Nikalisukuma lile ganda kwa kidole. Likapinduka, baruti ikamwagika mezani.

"Samahani, Papa," nikasema. "Nimeangusha moja. Mkono wangu huu, nimeshika mafagio kutwa. Zingine zote sawa."

Aliirudisha miwani puani. "Bon," akasema. "Hakuna shida." Akapangusa meza kwa brashi yake, akalijaza lile ganda upya, nikalimulika, likawa sawa kabisa na wenzake. Nilimsaidia kufunga kabati. Nikapanda juu nikijiambia nimefanya wema. Risasi mbaya imetoka, mzee amebaki na klabu yake. Nani ameumia?

Jumamosi hakwenda klabu. Jumanne walikuja wanaume wawili wa makamo, wenzake wa klabu, wakaing'oa mashine mezani wakaipandisha ngazi kwa taabu, mizani nyuma yake ndani ya blanketi. Kabati la chuma wakalichukua wiki iliyofuata. Nilimkuta jikoni kwake, amevaa ile aproni ya bluu, anamenya viazi.

"Papa, kumetokea nini?"

"Macho," akasema. Basi. Akaendelea na viazi.

Nilipona na kuugua kwa pamoja. Nilijua anasema kweli, macho kweli yamekwisha, na nilishukuru kwamba ameacha mwenyewe bila mimi kumwaibisha. Lakini kila Jumamosi nilimsikia chini akitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani, na nikawa natafuta sababu za kushuka: chumvi imeniishia, nieleze barua hii, hebu onja hii sambusa. Alinipokea kila mara. Hatukutaja kave. Mwaka uliofuata nilipata mume, nikahamia upande wa Ixelles, karibu na Matonge, na kwenda Forest kukawa kwa wiki, kisha kwa mwezi, kisha kwa sikukuu. Si kwamba nilimsahau. Maisha ya Brussels yana tramu nyingi mno kati ya mtu na mtu.

Nilimkuta tena mwishoni mwa miaka ya tisini, hospitalini kwangu Woluwe. Kwa wakati huo nilikuwa nimeshasomea uuguzi msaidizi, si mtu wa ndoo tena. Niliingia chumbani kubadilisha mashuka, nikamtambua kwa sweta. Lilikuwa limefungwa vifungo vyote juu ya nguo ya wagonjwa. Macho yalikuwa wazi, hayaoni.

"Papa," nikasema.

Akageuza uso. "Mama ya juu," akasema, papo hapo. "Umechelewa kidogo."

Nililia, na sikujificha, maana haoni. Nikambadilishia shuka polepole kuliko inavyoruhusiwa. Tukaulizana habari za mama, za panya, za mume wangu. Kisha nikaona sitapata nafasi nyingine, nikamwambia. Nikamwambia kwamba siku ile ya mvua sikuangusha ganda kwa bahati mbaya. Lilikuwa limejazwa mara mbili, nami nililipindua nimfichie, na nimekaa na jambo hilo miaka yote hiyo.

"Najua," akasema. "Mi njo nililijaza."

"Ndiyo Papa, lakini hukujua..."

"Nilijua. Nililijaza mbili makusudi. Mustari ya nne." Alitabasamu kidogo. "Nilitaka kujua kama mama anaangalia kweli, ao anasema paka 'zote sawa' ju ya kunifurahisha. Donc nikaweka moja mubaya. Na uliiona. Macho yako ilikuwa muzuri sana."

Niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Lakini haukuniambia," akaendelea. "Muntu anaona, na hasemi. Nikawaza, huyu ni hatari kupita kipofu. Nilikasirika siku mbili, mama, sikudanganye. Nilitaka kukufukuza kwa nyumba. Siku ya tatu nikawaza tena. Tangu muke wangu alikufa, hakuna muntu alishanidanganya ju ya kunipenda. Nikasema, bon, basi. Mi naacha baruti, nabaki na mama."

"Ungeniambia, Papa! Ningejirekebisha."

"Haungeweza. Roho yako haikuwa ya ile kazi."

Nje ya dirisha kulikuwa na maegesho ya magari na mvua nyepesi. Mwenzangu wa zamu aliniita kutoka koridoni, nikamwambia nakuja. Mwenye nyumba alinyoosha mkono akapapasa shuka mpaka akaupata wangu. Ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Sasa unisaidie," akasema. "Munganga ya hospitali anasema Pasaka nitakuwa kwangu, Forest. Anasema vile na sauti ya muzuri sana. We unaona batu kama mimi kila siku. Nitarudi?"

Nilikuwa nimeshasoma karatasi zake. Na hata bila karatasi, ukifanya kazi ile miaka mingi unaijua rangi ya miguu, unaijua pumzi. Inshallah ilikuwa tayari mdomoni mwangu, neno zuri, la dini, ambalo hakuna anayeweza kukulaumu kwa kulisema. Nilimtazama usoni. Alikuwa amezuia pumzi, kama zamani.

"Hapana, Papa," nikasema. "Hutarudi."

Aliushika mkono wangu vile vile, haukulegea wala haukukaza. Koridoni waliniita tena. Akatoa pumzi yote, taratibu.

"Bon," akasema. "Kumbe unaweza."